Mtoto ana siku 23, sukari yashuka, manjano hayaishi: ni nyuni, ni damu, au ni hii tezi ya kichwani?

#1 Mama Mdogo wa Barani (Malindi)
Salaam nyote. Dada yangu amejifungua mtoto wa kiume, leo ana siku 23. Kilo 3.3, alitanguliza makalio, akatoka kwa taabu. Usiku ule ule mikono ikawa inatetemeka, wakamtoboa kisigino, sukari 1.4. Wakamtundikia dripu, ikapanda, siku ya nne tukarudi nyumbani tukapika na biriani. Siku ya tisa nambeba namwona kalegea kama kitambaa kibichi, hanyonyi, mwili baridi na nje jua la Malindi lachoma. Sukari 1.6. Juzi tena, mara ya tatu, na tangu hapo tumelazwa. Macho bado ya manjano, wala si yale manjano ya wiki ya kwanza. Haya yameiva kama binzari.

Daktari mmoja wa Mombasa ametuambia kwa simu huenda ni tezi iliyo chini ya ubongo, pituitari, haitoi homoni zake. Mama yetu asema ni nyuni. Shemeji asema ni damu ya upande wetu. Kuna aliyewahi kuona mtoto mchanga aliyekosa homoni? Na mtoto wa kilo 3.3 atakosaje homoni ya kukua, si angezaliwa kijitu kidogo?

#2 Nahodha Mstaafu (Lamu)
Pole sana mama mdogo. Homoni mimi nilidhani ni mambo ya kuku wa kizungu. Nakaa hapa nyuma nisikilize wenye kujua.

#3 Muuguzi wa Zamu ya Usiku (Malindi)
Mama mdogo, nijibu bila haya. Kinyesi chake kina rangi gani, njano, kijani, au kimepauka kama chokaa? Mkojo unatia doa kwenye nepi? Ile bilirubini waliyopima, waliigawa mafungu mawili au walikupa jumla tu? Na la nne, anayemwogesha mtoto amesema lolote kuhusu maumbile yake ya kiume? Usiulize kwa nini nauliza, jibu kwanza.

#4 Bi Mkunga wa Langoni (Lamu)
Mwanangu wa Barani, mimi nimepokea zijana tangu zama za taa za mafuta. Hiyo ni nyuni. Humshika kijana mtanga akageuza mato yuu, akakaza mikono, kisha akalegea kama aliyekufa. Mfukizeni, mvalisheni hirizi, alfajiri mumtowe kwenye yua lepesi manjano yamtoke. Na mai ya kombe, tone moya tu ulimini.

#5 Nahodha Mstaafu (Lamu)
Bi Mkunga andika "maji", watu wa Malindi watampa mtoto mayai.

#6 Chumvi ya Gongoni
Mimi nasema ni damu, lakini si damu ya laana, ni ile G6PD, upungufu wa damu kurithi unaofanya chembe zake zipasuke. Pwani hii imejaa kwa sababu ya malaria. Mtoto wangu wa pili alikuwa wa manjano mpaka nyayo. Tukaulizwa nguo zake zilihifadhiwa wapi. Bibi yake alikuwa ameziweka sandukuni miezi mitatu na zile tembe nyeupe za naftalini za kufukuza nondo. Ndizo zilizompasua damu. Tulifua nguo zote, akakaa chini ya taa ya bluu siku tatu, kwisha. Kanuseni sanduku lenu kwanza kabla ya kukimbilia ubongo.

#7 Muuguzi wa Zamu ya Usiku (Malindi)
Chumvi, hoja yako nzuri na mambo ya naftalini kila mama wa pwani ayajue. Ila G6PD haishushi sukari mara tatu, na manjano yake huja mapema na ni ya fungu jingine. Ndiyo sababu nauliza mafungu.

Bi Mkunga, shikamoo. Hirizi sina ugomvi nayo, na mafusho mkae nayo mbali kidogo na pua ya mtoto. Ila maji hapana, hata tone, huyu sukari yake inategemea kila funda la maziwa. Na jua la alfajiri halitibu manjano ya siku 23. Mtoto akipita siku 14 bado ni wa manjano, huo si wakati wa kumwanika, ni wakati wa kumpima.

#8 Mama Mdogo wa Barani (Malindi)
Nimerudi, nilikuwa wodini. Kinyesi ni njano iliyofifia, si chokaa. Mkojo unatia doa, ndiyo, rangi ya chai ya rangi. Bilirubini jumla 190, na ile nyingine wanayoiita ya moja kwa moja ni 84. Nguo tulinunua mpya dukani, naftalini hakuna.

La nne. Mama yetu alininong'oneza siku ya kwanza ya kumwogesha, akasema "kadogo mno haka, na upande mmoja hamna kitu." Nikamwambia anyamaze, mwenye mtoto asisikie.

#9 Mwana wa Shela
Eh, mpaka hilo mmelipima? Mpeni muda kijana, atawashangaza 😂

#10 Daktari Asiye na Koti (Mombasa)
Mwana wa Shela, hapo umecheka palipo na jibu. Mtoto wa kiume aliyetimiza miezi, uume ukinyooshwa taratibu na kupimwa kwa rula ukawa chini ya sentimita 2.5, hiyo ni dalili kama homa ilivyo dalili. Tumboni uume hukua kwa testosteroni, na miezi ya mwisho inayoamuru testosteroni itoke ni pituitari ya mtoto mwenyewe. Bibi aliyemwogesha aliona ugonjwa siku ya kwanza, akanyamazishwa. Simlaumu mama mdogo, hata wodini wengi wetu hufunua nepi na kuifunga bila kutazama.

Unganisha sasa. Sukari inashuka tena na tena. Manjano ambayo fungu la moja kwa moja ni karibu nusu, maana yake ini limeshachakata lakini nyongo haitoki vizuri. Uume mdogo na kende moja haijashuka. Baridi, kulegea. Kila kimoja peke yake kina sababu kumi. Vikikaa pamoja mimi nafikiria pituitari kabla ya kitu kingine, ingawa sijamgusa mtoto na sisemi ndiyo.

Tezi yenyewe kwa mtoto ni ndogo kuliko punje ya kunde. Inaamuru figo-kofia zitoe kortisoli, inaamuru tezi ya shingo, inatoa homoni ya kukua. Mtoto akilala baina ya manyonyo mawili, kortisoli na homoni ya kukua ndizo zinazoliambia ini litoe sukari ya akiba. Zikikosekana, saa tatu za usingizi zinatosha kumwangusha. Nyongo nayo huhitaji kortisoli ili itiririke, ndiyo manjano.

Na swali lako la kilo: tumboni mtoto hakuzwi na homoni yake ya kukua. Anakuzwa na chakula cha kondo, insulini na vingine. Wengi wa hawa huzaliwa na uzito wa kawaida kabisa. Kudumaa huonekana baadaye, na hapo watu huwa wameshasahau ile sukari ya siku ya kwanza.

#11 Chumvi ya Gongoni
Figo-kofia ndiyo nini?

#12 Daktari Asiye na Koti
Tezi za adrenali, zinakaa juu ya figo kama kofia. Neno nimelitunga mwenyewe usiku huu, nisameheni.

#13 Nahodha Mstaafu (Lamu)
Kofia ya vito au ya kawaida?

#14 Mama Mdogo wa Barani (Malindi)
Daktari shukran, lakini hospitali ya kwanza walipima tezi ya shingo wakasema iko sawa. Karatasi ninayo, TSH 3.1. Sasa nani mkweli?

#15 Maabara ya Nyuma ya Pazia
Hapa niachieni mimi. Karatasi ni kweli na mtoto huenda ni mgonjwa vilevile. TSH ni amri inayotoka pituitari kwenda kwa tezi ya shingo. Tezi ya shingo ikiwa mbovu, amri inapandishwa sauti, TSH inapaa juu, tunamkamata mtoto. Lakini mwenye kutoa amri akiwa yeye ndiye mgonjwa, TSH itasomeka ya kawaida, hata chini, na thairoksini yenyewe iko chini huku hakuna anayepiga kelele. Ukipima TSH peke yake hawa wanakupita. Nchi nyingi zinazochoma visigino vya watoto wote huanza na TSH. Uholanzi huanza na thairoksini, ndiyo maana wao huwanasa. Sisi hapa hata hicho kisigino hatuchomi kwa kawaida. Mwambie daktari apime T4 huru, yaani thairoksini yenyewe, pamoja na TSH, kwa damu moja.

La pili, na hili nawasihi. Sukari ikishuka tena, kabla hamjasukuma glukosi, mtu achote damu kidogo ya kortisoli, homoni ya kukua na insulini. Dakika mbili tu, kisha glukosi haraka. Damu ya wakati ule ndiyo inayosema kweli. Ikichotwa kesho yake mtoto ameshiba, majibu hayana maana. Na msikubali ile ya "mleteni saa mbili asubuhi tupime kortisoli". Hiyo ni ya watu wazima, mtoto mchanga bado hana asubuhi wala jioni mwilini mwake.

#16 Muuguzi wa Zamu ya Usiku
Naunga mkono, ila kwa mtoto anayetikisika kwa degedege sisubiri chupa ya maabara. Glukosi kwanza.

#17 Maabara ya Nyuma ya Pazia
Chupa ziwe zimeshaandikwa jina na kukaa kando ya kitanda tangu mchana. Hapo hutasubiri.

#18 Baba Siti (Lamu)
Nimesoma kuanzia #1 na mikono inanitoka jasho, kwa sababu hii ni hadithi yangu. Binti yangu Siti ana miaka sita sasa.

Alizaliwa huku kisiwani. Sukari, manjano, kunyonya dakika mbili na kulala. Usiku mmoja tulivuka naye kwenda Mokowe, boti haina taa, mimi namulika kwa simu, mke wangu anamkamulia maziwa mdomoni kwa kijiko huku mawimbi yanatupiga ubavuni. Tukafika hospitali moja huko bara, sitaitaja. Wakapima T4, iko chini. Tukafurahi, ugonjwa umejulikana. Wakaandika thairoksini, tukapewa na baraka.

Siku ya tano mtoto akaanza kutapika, akawa wa kijivu, kijivu cha jivu la mkaa. Tulidhani tunamzika. Daktari mwingine mwenye umri mkubwa aliyekuwa anapita akauliza swali moja, "Kortisoli mlipima?" Kumbe thairoksini huuchochea mwili uteketeze haraka hata ile kortisoli kidogo iliyobaki. Ukimpa mtoto thairoksini kabla ya kotisoni, dawa ya kuziba pengo la kortisoli, unamsukuma. Akaagiza haidrokotisoni ya mshipani. Haikupita muda mrefu nikamwona Siti anafungua mdomo anatafuta ziwa. Sijawahi kuona kitu kama kile.

Manjano yaliondoka ndani ya wiki kadhaa baada ya kotisoni, bila dawa nyingine ya ini.

#19 Daktari Asiye na Koti
Hii ya #18 iandikwe ukutani. Haidrokotisoni kwanza, thairoksini baadaye. Mama mdogo, ukikumbuka kitu kimoja tu katika uzi huu wote, kiwe hicho.

#20 Bi Mkunga wa Langoni (Lamu)
Baba Siti, mimi ndimi niliyemshika Siti alipozaliwa, hukusema. Na mato yake nilikwambia yacheza, yaenda na kurudi kama dau lisilo nanga.

#21 Baba Siti (Lamu)
Ni kweli bibi, ulisema, na mimi nikajibu watoto wote huanza hivyo. Alipofika miezi miwili hafuati taa. Wakamtazama ndani ya macho, mishipa ya kuonea ni midogo, hasa wa kushoto. Wakasema huenda pamoja na tezi hii, vyote viko katikati ya kichwa na hutengenezeka wakati mmoja. Anaona kwa jicho la kulia. Anakaa dawati la mbele.

#22 Mjukuu wa Mwalimu (Malindi)
Samahani kwa kuingilia. Hakuna anayetaka kusema, mimi nitasema. Wazazi wa mtoto ni binamu? Tunaoana mtoto wa ami kwa mtoto wa ami vizazi vitatu, kisha tunashangaa.

#23 Mama Mdogo wa Barani (Malindi)
Ni binamu wa mbali, bibi zao ni ndugu. Lakini shemeji akisoma hapa nyumba itawaka.

#24 Chumvi ya Gongoni
Mjukuu, mimi na mke wangu hatuna hata kijiji kimoja cha pamoja na bado tulipata mtoto mgonjwa.

#25 Daktari Asiye na Koti
Wote mna kipande. Kuna jeni zinazojulikana, PROP1, HESX1, LHX3 na nyingine, na baadhi yake ni za kurithi kwa wazazi wote wawili, hivyo undugu huongeza bahati mbaya. Ila watoto wengi wa ugonjwa huu hawana ndugu mwingine mgonjwa na jeni haipatikani. Huwezi kutazama mti wa ukoo ukahukumu.

#26 Muuguzi wa Zamu ya Usiku
Na makalio je? Mimi niliyefanya kazi chumba cha kuzalia naona #1 imepita haraka. Mtoto ametanguliza makalio, kichwa kikabaki nyuma, akavutwa. Kile kijiti kinachoshika tezi si kinaweza kukatika? Nilifundishwa hivyo.

#27 Daktari Asiye na Koti
Ulifundishwa hivyo, na walionifundisha mimi waligeuza. Watoto waliokatika kijiti ni kweli hutanguliza makalio mara nyingi kuliko watoto wengine. Lakini huenda tezi ilikuwa mbovu tangu wiki za mwanzo, mtoto akawa mlegevu tumboni, akashindwa kugeuka. Hapo makalio ni matokeo, si chanzo. Wengine wao wana uume mdogo tangu kuzaliwa, na uume haupungui kwa kuvutwa siku moja.

#28 Muuguzi wa Zamu ya Usiku
Na wengine wamezaliwa kwa taabu na uume wa kawaida. Sikubali wala sikatai.

#29 Bi Mkunga wa Langoni (Lamu)
Kijana wa makalio havutwi. Huachwa ateremke mwenyewe, mikono nyuma, mkunga asubiri. Hilo mumelisahau nyote wenye makoti na wasio na makoti.

#30 Nahodha Mstaafu (Lamu)
Bao la Langoni.

#31 Mwana wa Shela
Naomba radhi kwa #9. Nimeuliza nyumbani, kaka yangu mdogo alikuwa hivyo hivyo, ndio nikakumbuka alichomwa sindano utotoni na hatukuambiwa za nini. Hizo hurekebisha?

#32 Daktari Asiye na Koti
Mara nyingi ndiyo, testosteroni kidogo kwa mwezi, mizunguko michache, katika mwaka wa kwanza. Ila kabla ya sindano pimeni. Kuanzia mwezi wa kwanza mpaka karibu wa sita mvulana mchanga hupandisha homoni zake za kiume kwa muda kama balehe ndogo, kisha zinalala mpaka atakapobalehe kweli. Huo ndio mlango wa kujua kama pituitari inaamuru au la. Ukifungwa, unasubiri miaka kumi na zaidi.

#33 Mama Mdogo wa Barani (Malindi)
Habari mpya. Saa tisa usiku ilishuka, 1.7. Chupa zilikuwa tayari (Maabara Mungu akulipe, nilimpa mwanafunzi wa zamu akakubali). Majibu ya kwanza yamerudi leo: kortisoli chini sana, T4 huru chini, TSH bado inajifanya nzima. Homoni ya kukua imepelekwa Nairobi. Haidrokotisoni imeanza jana jioni. Leo asubuhi amelia kwa sauti ambayo sijaisikia kwake. Mama yetu asema nyuni ametoka kwa sababu ya kombe.

Maswali: vidonge ni vya miligramu 10 na mtoto anatakiwa chini ya moja kila mara. Nakatakataje? Na hizi tunampa mpaka lini?

#34 Baba Siti (Lamu)
Lini, jibu ni siku zote, mpaka waseme vinginevyo. Utazoea.

Kukata: wembe mpya, sahani ya kioo, si ya plastiki kwa sababu unga unang'ang'ania. Kidonge kinalala na mstari wake juu, bonyeza mara moja, usisukume mbele na nyuma. Nusu, kisha robo. Sisi tulikuwa tukiponda, tunatia maji kwenye bomba la sindano lisilo na sindano, na kumpa kipimo alichotuandikia daktari. Siri ni kutikisa. Dawa hii haiyeyuki sawasawa, inakaa chini kama mchanga wa pwani. Usipotikisa, mara hii mtoto anapata maji matupu na mara nyingine anapata dawa ya siku mbili. Changanya mpya kila mara, mabaki mwaga. Mfamasia akiweza kukutengenezea pakiti za unga zilizopimwa, hilo ni bora kuliko wembe wangu.

Saa zetu zilikuwa kumi na mbili asubuhi, nane mchana, nne usiku. Siti mpaka leo akisikia saa ya simu anafungua mdomo.

#35 Daktari Asiye na Koti
Kipimo ni cha daktari anayemwona, msinakili cha Siti. Hukokotolewa kwa eneo la mwili, kama miligramu 8 hadi 10 kwa mita mraba kwa siku, na huyu mwili wake wote ni robo ya mita hata haifiki. Kila akiongezeka kilo kipimo hubadilika.

Na kabla hamjatoka wodini mfundishwe siku ya homa. Mwenye tezi nzima akiugua mwili wake hupandisha kortisoli wenyewe. Huyu hawezi. Homa ikija dozi inazidishwa mara mbili au tatu, na akitapika dawa isikae, anachomwa haidrokotisoni ya msuli, miligramu 25 kwa umri huu, halafu ndiyo mnatafuta gari. Si kinyume chake.

#36 Baba Siti (Lamu)
Sindano yetu inaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, mfuko mwekundu: chupa, bomba, pamba, na karatasi iliyoandikwa kwa Kiswahili kikubwa. Mwenye punda wa jirani anajua ule mfuko. Mara mbili umetumika, mara moja nilimchoma Siti mimi mwenyewe, tukiwa Matondoni harusini.

#37 Mjukuu wa Mwalimu (Malindi)
Homoni ya kukua je, wataanza? Nauliza kwa sababu nilisoma inatolewa kwenye maiti. Wengine wasema nguruwe. Mtoto wa Kiislamu.

#38 Maabara ya Nyuma ya Pazia
Ulichosoma ni cha zamani lakini si uongo. Kuanzia 1958 ilitolewa kwenye pituitari za maiti wa binadamu. Mwaka 1985 ikasimamishwa huko Marekani na Uingereza, kwa sababu baadhi ya waliochomwa walipata ugonjwa mbaya wa ubongo, Creutzfeldt-Jakob. Mwaka huo huo ikaidhinishwa ya kutengenezwa, bakteria wanapewa jeni ya binadamu wanaizalisha. Maiti hayumo. Na ya nguruwe kwa binadamu haifanyi kazi hata ukitaka.

#39 Nahodha Mstaafu (Lamu)
Basi bakteria ni halali?

#40 Mjukuu wa Mwalimu (Malindi)
Mtindi unakula au huli?

#41 Mama Mdogo wa Barani (Malindi)
Siku ya 31. Manjano yamepungua kwenye kifua, macho bado. Thairoksini imeanza juzi, siku tano baada ya kotisoni, Baba Siti usiogope. Picha ya MRI tulifanyiwa Mombasa bila dawa ya usingizi: wakamnyima ziwa kwa muda wa saa tatu huku sindano ya glukosi ikiwa mkononi, wakamnyonyesha akashiba pale pale mlangoni, wakamfunga kwenye shuka kama ngisi, wakamziba masikio, akalala mashine inagonga kama fundi wa mabati. Wamesema tezi ya mbele ni ndogo na ile sehemu ya nyuma imekaa juu, mahali si pake, kijiti hakionekani.

Muuguzi na Daktari mnaweza kuendelea kugombana, maana nilipomuuliza msoma picha kama ni kuvutwa au ni kuzaliwa nayo alinitazama akanywa chai.

Shida ni sukari. Kotisoni ipo na bado usiku inashuka 2.3, 2.4. Wanataka zaidi ya 2.6. Ndiyo wanasema homoni ya kukua ianze sasa, si kwa ajili ya kimo, kwa ajili ya sukari.

#42 Muuguzi wa Zamu ya Usiku
Hesabuni nepi pia. Kortisoli ikirudi, mara nyingine ndipo inapofichuka shida ya sehemu ya nyuma ya tezi, mtoto anakojoa maji matupu yasiyo na rangi, nepi kumi na tano na bado ana kiu. Si kisukari, mkojo hauna sukari.

#43 Baba Siti (Lamu)
Siti ilimpata hiyo wiki ya pili ya kotisoni. Tulidhani ni nafuu, mtoto anakojoa vizuri. Dawa yake desmopresini, nayo ni ya maisha.

Sindano za kukua: kila usiku, ngozini, bei inauma kuliko sindano, mwezi wa kwanza ulinitoka zaidi ya kodi ya duka. Na lazima zikae kwenye baridi, nyuzi 2 mpaka 8. Friji yetu umeme ukikatika nilikuwa natumia kasha la barafu la wavuvi. Angalizo moja: barafu isiguse dawa, funga kwa kanga mara mbili. Ya kwanza iliganda, nikatupa pesa ya mwezi mzima baharini. Ikiganda imekufa hata ikiyeyuka tena.

#44 Mama Mdogo wa Barani (Malindi)
Kasha unalo bado? Hapa Barani umeme huu wa kiangazi unaujua.

#45 Baba Siti (Lamu)
Tulishanunua friji ya sola. Kasha nakutumia kesho kwa basi la asubuhi, limeandikwa SITI kwa rangi ya bluu. Lipokee stendi, konda anajua.

#46 Chumvi ya Gongoni
Mimi bado nasema apimwe na G6PD. Mtoto anaweza kuwa na mambo mawili.

#47 Daktari Asiye na Koti
Hapo sikupingi hata kidogo.

#48 Bi Mkunga wa Langoni (Lamu)
Na hirizi asivuliwe.

#49 Mama Mdogo wa Barani (Malindi)
Hajavuliwa bibi. Kasha limefika. Tumelisugua kwa ndimu na majivu mara tatu, dawa iko ndani imevaa kanga yake. Lakini Baba Siti, wodi nzima yanuka ng'onda.